Kangaruu Hakimbizwi

Kabla hujaingia kwa kangaruu, toa funguo mfukoni. Toa na sarafu. Heleni ndefu zinazolia zivue. Simu izime mlio. Kofia pana iache getini, maana upepo ukiichukua wote watatimka, na kangaruu akishatimka haoni ukuta wala seng'enge. Kisha ingia, funga geti nyuma yako, simama. Usifanye kitu chochote. Waache wakutazame mpaka wakuchoke. Mmoja akirudi kula, na wewe unaweza kusogea.

Maneno hayo niliyasema karibu kila siku kwa miaka kumi na mmoja, kwenye ile bustani ya wanyama nje kidogo ya Bariadi. Sasa magoti yangu yamekataa kazi, nimestaafu, na nyinyi wanangu mlioajiriwa juzi mmeniomba niwaambie yaliyobaki. Nitawaambia, ila msitegemee mpangilio. Nitaanza nitakapoanzia.

Tuanze na mkono. Chakula kiweke kwenye kiganja kilicho wazi, usawa wa kifua chake, si juu ya kichwa. Kitu kinachoshuka kutoka juu, kwake yeye ni tai. Ukitaka kumgusa, mkune kifuani au chini ya shingo, kichwani hapana. Na tumbo la jike usiliguse kamwe. Pale ni nyumbani kwa mtu.

Mimi sikuajiriwa kwa ajili ya kangaruu. Nilizaliwa Bukundi, kwa baba aliyekuwa na ng'ombe wengi, nikaolewa Bariadi, mume akafariki mapema akaniachia binti mmoja, Holo. Ndiyo maana watu wote wananiita Mama Holo, ingawa jina langu ni Minza. Pale bustanini nilianza kama mkata majani ya pundamilia na mbuni. Mwenye bustani alikuwa mfanyabiashara wa pamba, sisi tulimwita Mzee tu. Siku moja akatutangazia kwamba wanakuja wanyama ambao nchi yao ni Australia, ila hawa wamezaliwa kwenye bustani ya Afrika Kusini. Kangaruu watano na walabi saba.

Walishuka na ndege Mwanza, wakaletwa kwa Fuso, kila mmoja ndani ya sanduku lake la mbao lenye matundu. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Getini palikuwa na watu kama siku ya mnada. Maduhu, mlinzi wetu, mtu asiyekosa neno, akachungulia kwenye tundu moja akaruka nyuma.

"Mama Holo! Wametuletea panya!"

"Panya gani wa ukubwa huo?"

"Panya aliyesoma."

Wa kwanza alitoka taratibu sana, hakuruka. Aliweka mikono chini, akakita mkia, akavuta miguu ya nyuma mbele. Mkia unafanya kazi ya mguu wa tano anapotembea polepole, angalieni, mtaona. Watu wakaanza kucheka. Halafu Fuso likawashwa, akashtuka, akaruka mara moja tu, akawa upande wa pili wa uwanja. Kicheko kikakatika.

Jike mmoja alikuwa na miguu miwili myembamba inaning'inia tumboni. Mama mmoja pale kwenye seng'enge akapiga kelele, "Jamani, anajifungua, msaidieni!" Kumbe mtoto alikuwa ameingia mfukoni kichwa mbele, anajigeuza ndani. Baada ya dakika moja kichwa kikatoka mahali ilipokuwa miguu. Wengine walifurahi. Wengine, hasa wazee, walirudi nyuma hatua tatu na hawakusogea tena. Mkulima mmoja kutoka Migato akaniuliza swali ambalo wageni wameendelea kuniuliza mpaka nastaafu: "Na huyo aliye ndani akitaka haja?" Jibu ni kwamba mama anaingiza kichwa anasafisha kwa ulimi. Mkiulizwa, jibuni hivyo hivyo bila aibu.

Watawauliza pia tofauti ya kangaruu na walabi. Msiwachoshe. Waambieni ni ndugu. Kangaruu dume akisimama anamtazama mtu mzima usoni, walabi anamfikia kiunoni. Walabi ana woga zaidi. Hilo la woga nilijifunza vibaya, na nitawaambia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mtalisikia kwa Maduhu na yeye huongeza chumvi.

Daktari wetu wa mifugo alikuwa Asha, binti wa Kigoma, umri ambao ningeweza kumzaa. Alikuja siku tatu kwa wiki. Hakuwa amesomea kangaruu, alikuwa anajifunza huku anatufundisha, na hakuona haya kusema "sijui, nitasoma nikujibu." Mwaka ule wa kwanza walabi mmoja jike alianza kutokwa machozi jicho moja. Nikampigia Asha simu. Akasema, "Nakuja kesho, Mama Holo. Msimguse."

Mimi nikawaza: nimekamata mbuzi wangapi maishani? Dawa ya jicho ipo kabatini. Nikamwita Maduhu, tukaingia. Tulimkimbiza jua la saa sita, huku na huku, kona hadi kona, mpaka akachoka nikamdaka shina la mkia. Nikatia dawa. Nikatoka nimejaa sifa. Maduhu akanipigia makofi.

Asubuhi yake yule walabi alikuwa amekakamaa, miguu ya nyuma anaiburuta, mkojo mwekundu. Asha alijaribu alichojaribu. Siku ya pili akafa.

Asha alimpasua mbele yetu. Nyama ya paja ilikuwa imepauka, kama samaki aliyechemshwa. Akauliza bila kuinua uso, "Nani alimkimbiza?"

Maduhu akatazama viatu vyake.

"Mimi," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Sikuangalia saa."

"Misuli yake imejipika yenyewe. Jicho lisingemuua. Mbio zimemuua." Akavua glavu. "Nenda kamwambie Mzee. Umwambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikaenda. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe umezaliwa kwenye ng'ombe. Nilidhani unajua wanyama." Basi. Hakunifukuza. Ningefukuzwa pengine ningesahau haraka zaidi.

Tangu siku ile hatukukimbiza tena. Mnyama akitakiwa, tulishika magunia marefu yaliyoshonwa pamoja kama ukuta, watu wawili, tukatembea mwendo wa kumsindikiza mgeni, tunampunguzia nafasi kidogo kidogo mpaka anaingia mwenyewe kwenye kibanda. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Ichukue. Akianza kuruka ovyo, shusheni magunia mkae chini mnywe maji. Asha aliandika kwa chaki mlangoni mwa stoo: KANGARUU HAKIMBIZWI. Kila mvua ikifuta, niliandika upya mimi.

Kuna na suala la majani. Msiwape majani magumu yenye miiba au masuke makali. Yanawachoma fizi, uchafu unaingia, taya linavimba, na taya la kangaruu likishaoza ni vigumu kulirudisha. Kila asubuhi watazameni nyuso kabla hamjatazama kitu kingine. Shavu moja likiwa kubwa kuliko lenzake, msisubiri kesho. Mimi niliokoa wawili kwa kutazama mashavu tu.

Wageni nao watakuja kuwaambia, "Wanyama wenu wana kichaa, wanajipaka mate mikononi." Si kichaa. Joto likizidi hulamba mikono, upepo ukipita damu inapoa. Wenyewe hawana haja ya feni.

Sasa dume. Dume mkubwa tulimwita Bondia. Hakuwa mkorofi, ila alikuwa na heshima yake, na mtu akimsimamia wima mbele ya majike wake aliona anachokozwa. Dume akitaka ugomvi hunyanyuka juu ya ncha za vidole, anatanua kifua, anajikunakuna kwa mbwembwe. Ukiona hivyo usimgeuzie mgongo ukakimbia. Inama, jikunje, tazama pembeni, halafu kohoa. Ndiyo, kohoa, kikohozi kizito cha kifuani. Kwao ni kusema "shikamoo."

Siku moja tulipata mgeni mkubwa, mtu wa ofisi, suti ya bluu. Nilimwambia akae chini, akasema suruali itachafuka. Akasimama mbele ya Bondia, anampa simu mwenzake wapigwe picha. Bondia akanyanyuka. Wakawa uso kwa uso.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, chuchumaa."

"Kwa nini?"

"Chuchumaa, halafu ukohoe."

"Mama, mimi nina heshima zangu."

"Na yeye pia. Kohoa, mheshimiwa."

Bondia akasogea hatua moja. Mheshimiwa akashuka mpaka suti ikagusa vumbi, akakohoa. Mara ya kwanza kikatoka kikohozi chembamba cha kanisani. Nikamwambia, "Kwa kifua." Akakohoa kama mgonjwa wa wodini. Bondia akamtazama, akashuka kwenye vidole, akaenda zake kula. Yule bwana alitoka anajipangusa suti, lakini alirudi mara nyingine na watoto wake, na nikamsikia getini anawafundisha kukohoa.

Hayo ni ya kucheka. Lipo moja ambalo halichekeshi, na mkiwa kwenye kazi hii litawapata kwa namna yenu, kwa hiyo nalisema lote.

Ilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa. Mafundi walikuwa wanabadilisha nguzo za seng'enge upande wa mashariki na wakaenda kula wakaacha pengo. Mbwa watatu wa wachungaji, wanafukuza sungura, wakapita naye kwenye pengo mpaka ndani. Nilisikia vishindo, nikatoka mbio kutoka stoo. Kangaruu walikuwa wametawanyika kila upande. Mbwa tuliwatoa haraka, mimi kwa reki, Maduhu kwa mawe. Lakini jike mmoja, mwenye sikio lililochanika, alikuwa amejibamiza kwenye nguzo kwa kasi yote. Shingo ilikuwa imevunjika. Mfuko wake ulikuwa mtupu.

Kangaruu jike akikimbizwa sana misuli ya mfuko hulegea, mtoto anadondoka. Watu husema anamtupa. Sijui moyoni mwake anafanya nini. Tukaanza kutafuta tumeinama, mguu kwa mguu, tukiogopa kumkanyaga. Maduhu ndiye aliyemwona, kwenye kivuli cha birika la maji: mwili wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, manyoya kama vumbi juu ya ngozi, miguu mirefu imejikunja. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kama mtu anayegonga ulimi kwenye kaakaa. Nikamtia ndani ya blauzi yangu, kwenye ngozi, kwa sababu sikujua pengine pa kumweka.

Asha alifika. Akampima, akasema ana kama miezi mitano, alitakiwa akae mfukoni miezi mitatu zaidi. "Anaweza kupona," akasema. "Lakini ni kazi ya mtu mmoja, usiku na mchana, si ya zamu. Harufu moja, mikono ile ile. Na usimpe jina."

"Kwa nini nisimpe?"

"Ukimpa jina utamwita. Akiitwa atakuja. Akizoea kuja kwako hataweza kuishi na wenzake."

Nilishona mifuko miwili, ndani kitambaa cha fulana, nje blanketi. Maziwa yalikuwa ya unga, yale ya watoto wachanga wasioweza maziwa ya kawaida. Duka la dawa liliyaagiza Mwanza. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ambayo tumbo la kangaruu haliwezi, yanamharisha na yanaweza kumpofusha. Kila baada ya kunywa unamfuta sehemu ya haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kama ambavyo mama yake angemlamba, la sivyo hakojoi. Pamba kwetu haikosekani.

Siku hiyo hiyo jioni nilirudi nyumbani na mfuko kifuani. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mzazi aliyekuja kukaa nami baada ya baba kufariki, na Holo, ambaye mume wake alikuwa kibaruani Geita na yeye alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma, kama ada.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama mfuko unavyocheza.

"Umebeba nini?"

"Mtoto wa kangaruu. Mama yake amekufa leo."

"Nyumba hii ina mimba, Minza."

"Najua, mayu."

"Hujui. Ungejua usingemleta. Aliyetemwa na tumbo la mama yake haingii kwenye nyumba ambamo kuna tumbo linasubiri."

Sijui kama hayo ni ya Wasukuma wote au ni ya mama yangu peke yake. Sikuwahi kuyasikia kwa mwingine. Holo akacheka, akasema, "Bibi, ni mnyama tu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshashuka kulishika tumbo, na mimi niliuona. Sikubishana. Niligeuka, nikarudi bustanini. Maduhu akanitolea magunia stoo, nikaweka godoro.

Nikaishi pale. Nyumbani nilikuwa napita mchana, nisalimie, nioge, niache mboga, niondoke. Yule mdogo alikaa kifuani kwangu nikikata majani, nikifagia, nikiongoza wageni. Wageni walipenda. Watu wa mtaani walisema Mama Holo amezaa shetani. Niliwaacha waseme. Alinenepa, manyoya yakatoka mekundu, siku moja akatoa kichwa akala jani la kwanza. Nakiri niliona fahari. Nakiri pia kwamba kule nyumbani binti yangu alikuwa anavimba miguu, na mara nyingi nilikuwa nauliza "Unaendeleaje?" nikiwa nimeshafika mlangoni, viatu mguuni.

Mwezi wa tisa wa mimba ulipofika nilimwambia Holo, "Alhamisi nakupeleka kliniki mimi mwenyewe, tutakuwa pamoja kutwa." Nikamwachia Maduhu chupa tatu za maziwa zilizochanganywa. Tulikwenda, tukakaa foleni, tukala chipsi, Holo akacheka na mimi kama zamani. Ilikuwa siku nzuri.

Kule nyuma Maduhu alidondosha chupa moja ikapasuka. Yule mdogo akalia. Maduhu ana ng'ombe wake, alikuwa amekamua asubuhi. Nilipomuuliza baadaye alisema, machozi yakimlenga, "Mama Holo, kwetu mtoto akilia unampa maziwa. Nilitaka anone." Sikumfokea. Ningemfokea kwa mdomo gani, mimi wa yule walabi?

Ijumaa yule mdogo akaanza kuharisha. Jumamosi macho yakaingia ndani. Jumapili asubuhi alikuwa hawezi kuinua kichwa, na Asha alikuwa Malampaka kwenye mbuzi wanaokufa. Kwa simu akaniambia nimpe maji ya chumvi na sukari maalumu, tone kwa tone, kila baada ya dakika chache, nisiache mpaka afike.

Saa tatu simu ikalia. Holo.

"Mama, imeanza."

"Mwambie Mama Zuhura aite bajaji. Nakuja sasa hivi. Nipe nusu saa."

Mama Zuhura ni jirani, ana duka la nguo, mtu wa kutegemewa. Nikajiambia nusu saa inatosha Asha kufika. Nusu saa ikapita, na saa nyingine mbili. Nikimweka chini mdogo, anateleza, shingo inalegea. Maduhu alijaribu kushika bomba la sindano, akasukuma kwa nguvu, maji yakaenda puani. Nikamnyang'anya. Simu ililia tena, mikono yangu ilikuwa imelowa, sikupokea. Ikalia tena. Maduhu akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura.

"Mama Holo, mtoto wa kike. Wazima wote wawili. Uko wapi?"

Asha aliingia getini baada ya hapo. Saa saba nilikuwa hospitali, nimetoka na nguo zangu za kazi, zinanuka mharo. Mama yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, mtoto mikononi. Holo alikuwa amelala ubavu.

"Amepona?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mtoto wako."

Nikasema, "Bado."

Akageukia ukutani.

Wanangu, nimeulizwa mara nyingi kama ningerudi nyuma ningefanya nini. Ningekwenda hospitali. Mdogo pengine angekufa. Ningekwenda. Ninalisema hili kwa sababu nyinyi mnapenda wanyama, ndiyo maana mko hapa, na hakuna atakayewaambia siku hizo zikifika mwende wapi. Mimi sikuchagua. Nilisema nusu saa, nusu saa ikachagua.

Mdogo alipona. Mtoto wa Holo aliitwa Kabula, jina la mvua kwa Kisukuma, kwa kuwa siku alipotoka hospitali mvua ya kwanza ilinyesha. Nilihamia tena nyumbani, maana mdogo alikuwa ameshatoka mfukoni, analala stoo peke yake, ananyonya chupa mara nne kwa siku. Holo hakunigombeza hata siku moja. Alinisalimia, alinipakulia, alinifulia. Ila Kabula hakunipa. Akitaka kuchota maji alimpa bibi. Bibi akilala alimpa Mama Zuhura, anavuka barabara kumpeleka. Nikinyoosha mikono alisema kwa adabu kabisa, "Acha tu, Mama, umechoka na kazi." Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimjua mjukuu wangu kwa kumtazama mgongoni mwa watu.

Mama yangu ndiye aliyenishangaza. Jioni moja aliniambia, "Nilikosea juu ya yule mnyama. Hakuleta baya kwa mtoto." Kisha akaongeza, "Lakini wewe ulikosea zaidi yangu." Akaendelea kuchambua choroko. Nikakaa nikamsaidia kuchambua.

Siku ya kumrudisha mdogo kwa wenzake ilifika Kabula akiwa na miezi minne. Tulikuwa tumemweka wiki kadhaa kwenye kibanda cha pembeni, anawanusa wenzake kupitia waya. Asubuhi hiyo Asha akafungua mlango mdogo. Yule mdogo akatazama ile nafasi, akatazama huku nilipo, akaja kwangu. Akisimama alinifikia kiunoni. Akaanza kunisukuma tumbo kwa kichwa, mahali ulipokuwa ukining'inia mfuko.

"Mgeuzie mgongo," Asha akasema.

Nikamgeuzia. Akazunguka mbele. Nikageuka tena. Tukafanya hivyo mara sijui ngapi, mpaka nikaona aibu. Halafu jike mmoja mzee akasogea, akamnusa. Mdogo akaruka upande. Jike akamnusa tena, akamchapa kofi dogo la sikio, kama anavyofanya kwa watoto wote, akaenda kula. Yule mdogo akasimama kidogo. Kisha akamfuata.

Nilirudi nyuma ya wavu wa kivuli asinione. Asha akanifuata.

"Nenda nyumbani, Mama Holo. Ukikaa hapa atasikia harufu yako."

"Saa sita hii? Nina majani ya kukata."

"Maduhu atakata. Nenda."

Nikaenda kwa miguu. Nyumbani mama yangu alikuwa amelala. Holo alikuwa uani na Kabula begani, nywele zake zimejaa povu la sabuni, mtoto analia, ndoo ya maji imewekwa nje ya bafu. Nadhani alikuwa amejaribu kuoga akashindwa. Alishangaa kuniona saa zile.

"Kuna nini?"

"Tumemwachia. Amekwenda kwa wenzake."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Akanitazama kwa muda. Povu lilikuwa linamshukia shingoni. Nikajua nisiseme kitu, nisinyooshe mikono, nisimame tu.

"Nawa kwanza," akasema.

Nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Nilipogeuka alikuwa amesogea mbele yangu, amemtoa mtoto begani.

"Mshike. Nakwenda kuoga."

Akanipa, akachukua ndoo, akaingia bafuni. Nikasikia maji yanamwagika taratibu, bila haraka. Kabula akaacha kulia, akanikazia macho. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.